Kurekodi muziki nyumbani kwa kompyuta: anza na chumba, mashine baadaye

Swali tunalolipokea mara nyingi kwenye ujumbe mfupi baada ya kipindi cha muziki ni hili: naweza kurekodi wimbo wangu nyumbani, kwa kompyuta ya kawaida, na redio ikaupiga? Jibu ni ndiyo. Wimbo haukataliwi kwenda hewani kwa sababu umerekodiwa chumbani badala ya studio. Unakataliwa kwa sababu maneno hayasikiki, sauti inapasuka, au mwangwi ni mwingi kana kwamba mwimbaji yuko ndani ya pipa. Na mambo hayo matatu hayaletwi na kompyuta ya bei rahisi.

Nalisema hilo mapema kwa sababu naona fedha zinavyopotea. Kwaya inachangishana miezi kadhaa, inakodi gari kwenda mjini, inalipia studio siku moja, na wimbo unaimbwa harakaharaka kwa kuwa kundi linalofuata liko mlangoni. Kijana mwingine anauza mbuzi, ananunua maikrofoni ya gharama na kuifunga katika chumba kitupu chenye bati juu na saruji chini. Kinachotufikia hapa kituoni ni jogoo na mwangwi. Makala hii ni yao. Ni ya yule pia ambaye bibi yake anajua nyimbo za mavuno ambazo hakuna mwingine kijijini anayezikumbuka, na bibi mwenyewe umri umekwenda.

Kompyuta inafanya nini hasa

Maikrofoni hugeuza mtikisiko wa hewa kuwa umeme mdogo sana. Kifaa kinachoitwa saundikadi huupima umeme huo mara nyingi kila sekunde na kuuandika kama namba. Kiwango cha kawaida ni mara 44,100 kwa sekunde, kile kile kilichowekwa kwenye CD zilipoanza kuuzwa mwaka 1982. Kompyuta kazi yake ni kutunza namba hizo na kuzipanga. Haijui kama unaimba vizuri, wala haijui tofauti ya sauti yako na bodaboda inayopita barabarani.

Ndiyo maana laptopu iliyotumika, yenye kumbukumbu ya GB 4, inatosha kwa mwimbaji, gitaa na ngoma. Ikiwa na GB 8 utapumua zaidi. Angalia nafasi kwenye diski, kwa sababu sauti isiyobanwa inakula nafasi. Dakika moja ya sauti ya njia moja, kwa ubora wa biti 24, ni karibu MB 8. Wimbo wa dakika nne wenye treki nane unafika MB 250, na hapo hujahesabu mliporudia mara tatu kwa sababu mtoto alikohoa.

Programu isikusumbue. Audacity ni ya bure kabisa, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na imekuwapo tangu mwaka 2000. Unaweza kuipakua mjini ukaja nayo kwenye flashi. Ukishazoea na ukataka kupanga treki nyingi kwa wepesi zaidi, ipo Reaper, ambayo unaruhusiwa kuijaribu kwa siku 60 kabla ya kuilipia. Ninachokuomba usikichukue ni zile programu ghali zilizovunjwa kufuli ambazo mafundi wa simu wanakujazia kwenye flashi. Mara nyingi huja na virusi, na virusi vikila diski, vinakula na nyimbo zako.

Chumba

Simama katikati ya chumba unachotaka kurekodia, piga kofi moja kubwa, kisha sikiliza. Ukisikia mlio unaobaki ukicheza hewani baada ya kofi, basi mlio huo utakuwemo kwenye kila neno utakaloimba. Hakuna programu itakayoutoa vizuri baadaye. Kelele ya chini inayoendelea, kama feni, inaweza kupunguzwa. Mwangwi ulioshikana na sauti ni kama chumvi iliyokwisha kuingia kwenye mchuzi.

Dawa yake ni vitu laini na vizito. Chumba cha kulala chenye kitanda, nguo zilizotundikwa na pazia zito ni bora kuliko sebule. Stoo iliyojaa magunia nayo inafaa, ila panya nao wana sauti. Simamisha godoro nyuma ya mgongo wa mwimbaji. Wengi huliweka nyuma ya maikrofoni, lakini maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, yaani husikia mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Ukuta huo ndio wa kuzibwa kwanza. Ukiwa na blanketi mbili zaidi, tundika moja kila upande, na mkeka au zulia uweke chini.

Trei za mayai je? Nimezikuta zimegandishwa ukutani katika studio nyingi ndogo. Ni nyepesi mno. Zinapunguza kidogo sauti zile nyembamba na kuacha zile nzito zikizunguka, kwa hiyo chumba kinabaki na mngurumo. Halafu zinashika moto upesi, na waya za umeme ziko hapo hapo. Blanketi kuukuu linazishinda.

Kisha kuna bati. Mvua ikinyesha funga kazi, hilo kila mtu analijua. Lakini hata jua lina kelele zake: bati linapopata joto asubuhi na linapopoa jioni, hutanuka na kusinyaa, likilia ta, ta, ta. Usiku kuna nyenje na mbwa. Kwa nyumba nyingi za kwetu muda mzuri ni kati ya saa nne na saa tano asubuhi siku ya shule, watoto wakiwa darasani na majogoo wameshachoka. Sikiliza nyumba yako siku mbili, uandike saa zake za kimya.

Kwaya ni habari nyingine. Watu ishirini hawaingii kwenye chumba cha kulala, na kanisa lenye bati na kuta tupu linavuma. Nenda nje. Chini ya mwembe, mbali na barabara, siku isiyo na upepo, hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Hili si la kubahatisha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za vijijini, bila jengo la studio, na kazi zake zimetunzwa hadi leo katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Wapange waimbaji nusu duara, wenye sauti kubwa nyuma, wenye sauti laini mbele, maikrofoni ikiwa juu kidogo ya vichwa vya mstari wa mbele. Rekodi nusu dakika, sikilizeni wote, halafu sogeza watu. Msiguse kompyuta. Nani anazidi, arudi hatua moja. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima, na ndiyo saa yenye faida kuliko zote za siku hiyo.

Umbali

Kanuni ninayoipenda ni ya shubiri. Tanua kiganja: kuanzia ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ndiyo nafasi kati ya mdomo na maikrofoni. Ukisogea mbali mara mbili, sauti yako inayofika moja kwa moja inapungua sana, lakini mwangwi wa chumba unabaki karibu vile vile. Ndiyo maana mtu aliyesimama mita moja kutoka kwenye maikrofoni anasikika kama yuko chumba cha jirani. Ukikaribia mno nako kuna shida: sauti inakuwa nzito kupita kiasi, na herufi P na B zinapiga maikrofoni kama ngumi. Vuta soksi nyepesi ya nailoni kwenye duara la waya, uiweke katikati, au geuza maikrofoni pembeni kidogo ili pumzi ipite kando.

Gitaa la kawaida usilielekezee maikrofoni kwenye tundu, maana litanguruma. Elekeza pale shingo inapoungana na tumbo la gitaa, umbali wa shubiri moja au moja na nusu. Marimba za mkono na zeze nazo zinapenda shubiri hiyo hiyo, lakini zungusha maikrofoni polepole huku mwenzako akisikiliza kwa hedifoni, kwa sababu kila chombo kilichochongwa kwa mkono kina mahali pake kinapotolea sauti nzuri. Ngoma iache mbali zaidi, nusu mita hadi mita moja, kwa juu kidogo. Ukiisogeza karibu sauti itapasuka kabla hujamaliza kuhesabu.

Cha kununua, na cha kusubiri

Bei nimeziacha makusudi. Kariakoo ni tofauti na hapa kwetu, na mwezi ujao zitakuwa nyingine. Mpangilio ndio wa kuzingatia.

Anza na hedifoni zinazofunika sikio lote, kwa sababu bila hizo huwezi kusikia unachorekodi, na spika ikiwa wazi sauti yake itarudi kwenye maikrofoni. Kisha maikrofoni. Zipo aina mbili utakazoonyeshwa dukani. Moja ni ya kondensa, inayosikia kila kitu hadi saa ya ukutani, na inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye saundikadi. Nyingine ni ya dainamiki, kama zile za jukwaani, isiyohitaji umeme huo na isiyojali sana kelele za mbali. Muuzaji atakusifia kondensa kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye video za wasanii. Kwa nyumba yenye kuku, watoto na bati, mimi nakushauri dainamiki. Shure SM58 ipo sokoni tangu mwaka 1966 na bado inatumika kila mahali, lakini nakala zake bandia ni nyingi mno. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, ujue umepata sura yake tu.

Maikrofoni ya karaoke iliyochomekwa kwenye tundu dogo la laptopu itakupa sauti hafifu yenye mchakacho. Tundu hilo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Hapo ndipo unapohitaji saundikadi ya nje yenye njia mbili, inayounganishwa kwa waya wa USB. Mwimbaji wa peke yake anaweza kuchukua maikrofoni ya USB inayoingia moja kwa moja kwenye kompyuta, bila saundikadi. Ubaya wake ni kwamba siku mkitaka kurekodi gitaa na sauti kwa pamoja, mtakwama.

Spika kubwa za studio, kibodi na taa za rangi zisubiri.

Na kama huna hata hiyo maikrofoni? Simu yako ina moja. Iweke kwenye modi ya ndege ili isilie katikati ya ubeti, tumia programu ya kurekodi inayokubali kuhifadhi kama WAV, fuata kanuni ya shubiri, kisha hamishia faili kwenye kompyuta kwa waya. Usirekodi kwa kubonyeza kile kitufe cha sauti cha WhatsApp. Sauti ile inabanwa sana, ni ya kuulizana hali.

Kiwango cha kurekodia

Kwenye skrini kuna kipimo cha sauti kinachoishia sifuri. Sifuri ndiyo ukingo wa ndoo: kinachozidi hapo kinamwagika, nawe unasikia sauti ikipasuka. Mwambie mwimbaji aimbe sehemu yenye nguvu kuliko zote, siyo ubeti wa kwanza anaoanza nao kwa aibu. Zungusha kitufe cha saundikadi hadi kilele chake kicheze kati ya hasi 12 na hasi 6. Utaona kama sauti ni ndogo. Iache. Sauti ndogo iliyo safi inaongezwa kwa kubonyeza mara moja. Iliyopasuka imepasuka.

Kabla ya kuimba, acha sekunde kumi za kimya huku rekodi ikienda. Kimya hicho ndicho Audacity inachokitumia kujifunza kelele za chumba chako ili izipunguze. Izipunguze kidogo tu. Ukikazana kuzifuta zote, mwimbaji anabaki akisikika kama anaimba chini ya maji.

Ukisikia mngurumo mwembamba usioisha, chomoa chaja na urekodi kwa betri. Chaja za laptopu na inveta za sola huingiza kelele ya umeme, na mara nyingi huondoka pale pale unapochomoa. Weka laptopu mbali na maikrofoni, maana feni yake nayo inasikika. Halafu hifadhi kazi kila baada ya wimbo, kwa sababu umeme haukuagi.

Kuupanga wimbo

Anza na kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, mkiusikia kwenye hedifoni. Rekodi gitaa au ngoma juu yake, kisha sauti kuu, kisha waitikiaji, kila kimoja kwenye treki yake. Kwa muziki wa biti hii ndiyo njia. Kwa ngoma za asili mimi siishauri. Mpigaji ngoma na mcheza njuga wanasukumana na kuvutana, na mapigo yao yanapanda kadiri watu wanavyopata moto. Ukiwafunga kwenye kliki umewaondolea kilichowaleta. Wapige pamoja, kwa maikrofoni moja au mbili, kama wanavyopiga siku zote. Bendi zetu za zamani zilirekodi hivyo katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wote kwa pamoja, na nyimbo hizo bado mnaziomba kila wiki.

Ukirekodi treki moja juu ya nyingine utaona mwimbaji anajisikia akichelewa kwenye hedifoni. Kompyuta inachukua muda kidogo kuzipokea zile namba na kuzirudisha. Saundikadi nyingi zina swichi ya kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja, bila kupitia kompyuta. Itumie. Baada ya kurekodi, kama treki mpya iko nyuma ya mapigo, ivute nyuma kidogo hadi ikae sawa. Gonga vijiti mara moja mwanzoni mwa kila treki upate alama ya kulinganishia.

Kumiksi kwa ajili ya redio

Hapa nazungumza kama mtu wa redio. Wasikilizaji wengi vijijini wanatusikia kwa redio yenye spika moja, au kwa simu. Spika moja inachanganya upande wa kulia na wa kushoto. Ukiwa umejaza madoido ya kuzungusha sauti pande zote, baadhi yake yanaweza kufifia au kutoweka kabisa. Kabla ya kusema umemaliza, geuza miksi iwe ya njia moja na usikilize kwa spika ya simu. Maneno yakisikika hapo, yatasikika shambani.

Sauti ya mwimbaji iwe juu ya vyombo, kuliko unavyodhani. Ondoa mngurumo wa chini ya hezi 80 kwenye sauti za waimbaji, maana hapo hakuna kinachoimbwa, kuna vishindo vya miguu na upepo. Mwangwi wa kuongeza kwa programu weka kiasi cha kuhisi tu.

Kingine: usiukandamize wimbo ili uwe na kelele kuliko za wenzako. Mitambo ya kurushia matangazo ina kifaa kinachosawazisha sauti za kila kitu kinachopita. Wimbo uliokwisha kukandamizwa ukifika hapo unakandamizwa tena, na unatoka ukikwaruza, wakati ule uliotulia unatoka umepanuka.

Kuutuma, na jina lako kubaki juu yake

Toa nakala mbili. Ya kwanza WAV, biti 16, ambayo kwa dakika nne ni kama MB 42: hiyo ni mama, itunze kwenye laptopu na kwenye flashi iliyo nyumba nyingine. Ya pili MP3 ya kilobiti 320, karibu MB 10, ya kutuma. Ukituma kwa WhatsApp chagua kutuma kama hati ili faili lifike kama lilivyo.

Faili lisiitwe Sauti 001. Liandike jina la wimbo na la msanii, na kwenye ujumbe weka mtunzi, waliopiga, kijiji, lugha na mwaka. Kama ni wimbo wa bibi, andika jina lake kamili, alijifunza kwa nani na unaimbwa wakati gani, na umuulize mapema kama anakubali usikike redioni. Nyimbo nyingine ni za jandoni au za msibani, si za kila sikio.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakulinda wewe uliyetunga na wao walioimba. Ili upate ushahidi kwamba kazi ni zako, zisajili Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ambayo wengi bado tunaiita COSOTA. Ukiwa umechukua biti ya mtu mtandaoni, usajili huo hautakusaidia. Kwanza mtafute mwenye biti mkubaliane kwa maandishi. Na mkiwa kikundi, andikeni siku hiyo hiyo ya kurekodi nani ametunga maneno, nani ametunga sauti na mtagawanaje, wote mkiwa bado mnacheka pamoja chini ya mwembe.